Kimbunga kinaelekea kwetu: nyumba ya bati Mkoani, tuanze na kipi?

BintiMkoani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Taarifa ya hali ya hewa inasema kuna kimbunga baharini kinakuja upande wa pwani yetu, na kwa mwendo kilicho nao tumebakiwa na siku mbili, zikizidi tatu. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kupanga kazi, maana kila nikigeuka naona jambo linalotaka kufanywa sasa hivi na mikono ni michache.

Nyumba iko Mkoani, Pemba, juu kidogo, maji ya bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida) hayaifikii. Kuta ni matofali ya saruji zenye ringi bimu (mkanda wa zege juu ya ukuta). Paa ni bati la geji 30 juu ya kenchi za mbao, lina miaka kumi na misumari mingine imeshainua vichwa. Upenu wa mbele tumeutoa mita moja na nusu kwa ajili ya kivuli, hauna nguzo. Jiko liko uani, limeezekwa kwa makuti. Nyuma kuna mnara wa chuma wenye tangi la lita 1,000. Upande wa magharibi, hatua chache kutoka ukutani, kuna minazi mitatu, na waya wa umeme unapita baina yake.

Tuko watu wanane, mmoja ni mama yetu mtu mzima anayechoma insulini mara mbili kwa siku. Friza limejaa samaki. Tumepata jenereta ya kuazima ya kVA 2.5. Pesa zilizopo zinatosha nusu tu ya ninayoyataka.

Tuanze na paa au maji? Umeme ukikatika tujipange kwa siku ngapi? Na hivi kweli Pemba kimbunga kinaweza kufika na nguvu zake, au tunajitia hofu?

FundiKenchi

Waalaykum salaam dada. Nianze na swali la mwisho, kwani ndilo litakalokufanya upande juu ya paa leo au ungoje kesho.

Tuko karibu na ikweta, Pemba ni kama nyuzi 5 tu kusini yake, na kimbunga hutegemea mzunguko wa dunia ili kijisokote. Karibu na ikweta msokoto huo ni hafifu, ndiyo maana vingi hupita kusini yetu, Komoro na Msumbiji. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Aprili 1952 kilipiga Lindi. Hidaya, Mei 2024, kilifika Mafia. Jobo cha Aprili 2021 kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani. Kwa hiyo uwezekano upo, na hata kikifika kimedhoofika kina upepo wa kutosha kuinua bati la geji 30 lenye misumari iliyolegea.

Paa kwanza. Maji unaweza kuyajaza hata usiku kwa tochi. Paa linataka bati kavu, mwanga wa mchana na upepo mtulivu. Makuti ya minazi yakianza kulala upande mmoja bila kurudi, hapandi mtu tena.

Sasa ujue unapigana na nini. Watu hudhani upepo husukuma bati kwa ubavuni. Bati hung'olewa kwa juu, kama kifuniko cha sufuria. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unatia mkandamizo wa kama kilo 47 kwa kila mita ya mraba, na pembezoni mwa paa na kwenye upenu mvuto wa juu huweza kufika mara mbili ya hapo. Bati la mita 3 lina kama mita za mraba 2.3, kwa hiyo linavutwa na zaidi ya kilo 100, na lenyewe halifiki kilo 10. Kinacholizuia ni misumari peke yake. Tena upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Paa huachia sehemu tatu: bati kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati), papi kwenye kenchi, na kenchi kwenye ukuta. Ukiimarisha moja ukaacha mbili, paa litaondoka vilevile, ila litaondoka likiwa zima. Kwa siku mbili ulizonazo fanya hivi.

Kenchi na ukuta: nunua waya wa mabati wa milimita 3, ule wa uzio. Waya mwembamba wa kufungia nondo haufai kwa kazi hii. Toboa tundu kwenye ukuta chini kidogo ya ringi bimu, pitisha waya mara mbili uzunguke ringi bimu yote na mguu wa kenchi, kisha uusokote kwa kipande cha nondo mpaka ulie ukiugonga. Anza na kenchi mbili za kila mwisho wa nyumba, halafu zote zilizobeba upenu. Za katikati zingoje.

Papi na kenchi: papi tatu za chini, upande wa upenu, na papi ya mwisho kwenye kila gebo (ule mwisho wa paa wenye pembetatu), zifunge kwa waya huohuo kila zinapokutana na kenchi. Hapa ndipo mafundi wengi hawapatilii maanani, kwa sababu msumari mmoja wa inchi nne uliopigwa kwenye mbao iliyokauka unaonekana mgumu. Ukivutwa kwenda juu hutoka kama ulivyoingia.

Bati na papi: msumari ulioinua kichwa usiurudishe kwenye tundu lake. Tundu limeshapanuka, mbao imeshakula, utakaa siku moja tu. Ung'oe, ziba tundu kwa lami au silikoni, na upige mwingine sentimita 3 pembeni. Upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, maji hupita bondeni. Kama pesa ipo, tia skrubu za bati zenye mpira badala ya misumari, lakini si paa zima: mistari miwili ya chini na mwisho wa gebo, kila mgongo wa pili. Katikati ya paa acha kama palivyo.

Upenu wa mita moja na nusu bila nguzo ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote, maana upepo unausukuma kwa chini na kuuvuta kwa juu kwa pamoja. Kama bati za upenu ni vipande vya peke yake, zivueni leo, mziweke ndani zikiwa zimelazwa. Mtarudisha baadaye. Kama ni bati ndefu moja kwa moja kutoka juu, chimbeni mashimo mawili au matatu mbele ya nyumba, kina cha mita moja. Lazeni chini yake gogo la urefu wa mita, lifungwe kamba ya nailoni ya milimita 12, fukieni na mshindilie. Kamba ipande ifunge kenchi, si papi wala bati. Ikazwe kama uzi wa nanga.

Jiko la makuti: tandaza nyavu kuukuu juu yake zishuke mpaka kwenye vigingi pande zote. Likiondoka si hasara kubwa, mradi mtungi wa gesi na vyombo vimeshatolewa.

MkaaziWesha

Nyongeza kwa dada. Kama waya haupatikani, kuna wanaopanga matofali na viroba vya mchanga juu ya bati. Ni rahisi na haigharimu. Na madirisha ya upande usio na upepo yaachwe wazi ili hewa ipite, nyumba isipasuke.

FundiKenchi

Kaka Wesha, yote mawili naomba yasifanywe, na nieleze kwa nini.

Tofali lina kilo kumi na kitu. Bati linavutwa na zaidi ya kilo 100. Likiinuka, lile tofali linateleza na kuangukia mtu au bati la jirani. Viroba hupasuka, mchanga ukaishia kwenye mchirizi. Ukitaka uzito juu ya paa, laza boriti kukingama migongo ya bati karibu na upenu, uifunge kwa waya kupitia bati mpaka kwenye kenchi. Boriti iliyofungwa inasaidia. Isiyofungwa ni kombora.

Madirisha: nyumba haipasuki kwa kukosa hewa. Upepo ukiingia ndani hauna pa kutokea ila kwa juu, na hapo paa linasukumwa kutoka ndani wakati linavutwa kutoka nje. Yafungwe yote, na milango yote, hata ya vyumba vya ndani. Dirisha la luva pigilia plaiwudi ya milimita 12 kwa nje, au mbao za kenchi zilizobaki. Mkanda wa gundi ukibandikwa msalaba kwenye kioo hauzuii kioo kuvunjika, hufanya tu vipande viwe vikubwa.

FundiMemeChake

Dada Mkoani, jipange kwa siku tano bila umeme. Sababu yenyewe ni hii.

Pemba inakula umeme wa Tanga kwa waya wa baharini wa kilovolti 33, tangu 2010. Waya huo uko chini ya bahari, upepo haufiki huko. Tatizo liko nchi kavu: njia za juu kwenye nguzo, katikati ya minazi, mikarafuu na miembe. Mti mmoja ukilala juu ya njia kuu, shehia nyingi zinazimika kwa pamoja. Hitilafu za namna hiyo hurekebishwa mti kwa mti, na barabara zikiwa zimefunga, gari la mafundi linangoja msumeno. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani kama mwezi 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kule ilikuwa hitilafu ya mitambo na waya, upepo haukuhusika, lakini wengi wanakumbuka kilichofuata: pampu za visima hazifanyi kazi, mifereji inakauka. Umeme na maji kwetu ni kitu kimoja.

Kabla ya upepo: nunua uniti za TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) sasa na uziingize kwenye mita. Mtandao wa simu ukianguka, tokeni haziji, na umeme ukirudi utakuta mita yako ni sifuri. Chaji simu zote, pawabenki na taa. Minara ya simu ina betri zake, nazo huisha baada ya saa kadhaa, kwa hiyo redio ya betri kavu ni lazima iwepo.

Ile minazi mitatu na waya. Msikate wala msikweze mtu penye waya, hata mkwezi awe hodari vipi. Kuti bichi lina maji, na likigusa waya linapitisha umeme mpaka mkononi. Piga simu shirika la umeme waje wazime njia, au angalau wajue pahala hapo. Mnazi usiokaribiana na waya, mwite mkwezi leo aangue nazi zote na makuti makavu. Nazi moja ni kilo moja na zaidi, na kwenye upepo huo haidondoki chini, inakwenda na ukuta.

Upepo ukianza kukata na kurudisha umeme, zima swichi kuu. Usingoje ukatike wenyewe. Kinachoua friza ni ule mchezo wa kukata na kurudi ndani ya sekunde chache: kompresa inataka kuwaka huku gesi bado ina mgandamizo, inavuta umeme mwingi, inaungua. Chomoa friza, televisheni, chaja, kila kitu. Umeme ukirudi, washa swichi kuu na taa moja tu. Ngoja robo saa. Taa ikiwa haipepesi na haiwaki kwa ukali usio wa kawaida, rudisha vitu kimoja kimoja, friza la mwisho.

Jenereta. Hili naomba lisomwe na nyumba nzima, hasa vijana.

Msiunge jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi dume mbili. Wengi hufanya hivyo kwa sababu taa zote za nyumba zinawaka, raha. Lakini umeme unatoka kwa njia ya mita unaingia mtaani, unafika kwenye transfoma, na transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 kuja kwako inapandisha yako kurudi 11,000. Fundi aliyeshika waya akijua umezimwa anakufa papo hapo. Na umeme wa shirika ukirudi wakati jenereta inaunguruma, jenereta inaungua na pengine na nyumba. Bila chenji ova (swichi ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa shirika kwenda jenereta) iliyofungwa na fundi, tumia ekstensheni moja kwa moja kutoka kwenye jenereta: friza, taa mbili, chaja. Basi. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5 na ikunjuliwe yote. Ikiachwa imeviringwa inapata moto katikati mpaka plastiki inayeyuka.

Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha, moshi uelekee kwingine. Isiwekwe barazani, wala chini ya dirisha la chumba cha mama. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayolaza mtu usingizi asioamka. Wakati wa upepo wenyewe jenereta haiwashwi kabisa, kwani hamna pahala pa kuiweka pasipo mvua na pasipo watu.

Hesabu ya petroli: friza halihitaji umeme mchana kutwa. Muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni unalitosha kama halifunguliwi ovyo. Jenereta ya kVA 2.5 kwa mzigo mdogo hula kama lita moja kwa saa. Siku tano ni saa 20, basi lita 20. Iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko kizuri, nje ya nyumba, mbali na jiko. Izime na uiache ipoe kabla ya kuongeza.

Maji yakiingia ndani yakafika kwenye soketi, msiwashe chochote baada ya kukauka kwa macho. Fundi apime waya kwa mega (kifaa cha kupima kama waya unavuja umeme) ya volti 500, na kipimo kisiwe chini ya megaohmu 1. Waya wa mtaani ulioanguka, hata kama umekaa kimya kwenye matope, mkae mbali mita 10 na mzuie watoto.

BintiMkoani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Vijana wameshapanda juu, upenu ni vipande vya peke yake, tunauvua. Naomba sasa kuhusu insulini na samaki. Na tangi: nilijaze au nilishushe?

MuuguziWete

Dada, tangi kwanza kwa kifupi. Lita 1,000 ni tani moja. Tangi tupu linaruka, tangi lililojaa halitikisiki ikiwa miguu ya mnara ni mizima. Gonga miguu kwa nyundo karibu na ardhi na kwenye maungio. Chuma kikitoa vipande vya kutu, lishusheni, liwekeni chini ukutani na mlijaze hapohapo. Likibaki juu, lijazeni mpaka juu, lifungwe kamba mbili msalaba kwenye mnara. Kisha funga koki ya kuingizia: mfereji wa mtaani ukikosa nguvu, maji yako yanaweza kurudi nyuma yakamalizika bila kujua.

Msitegemee tangi peke yake. Kunywa na kupika ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu wanane siku tano ni lita 160, yaani madumu manane ya lita 20, yawekwe ndani. Kuoga, kutawadha na choo, lita 10 kwa mtu zinatosha kwa kujibana: lita 400, mapipa mawili.

Baada ya mvua kubwa kisima kilicho chini ya vyoo kihesabiwe kimechafuka hata kama maji yanaonekana safi. Chemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja. Pasipo na kuni wala gesi, dawa ya klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, 4 kama maji yana ukungu, ungoja nusu saa. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, vinginevyo klorini inamalizikia kwenye uchafu. Akiharisha mtu, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, na afikishwe hospitali bila kungoja. Choo kama maji ya mchele ni kipindupindu mpaka kithibitishwe si chenyewe.

Insulini ya mama. Chupa anayoitumia sasa, kwa aina nyingi, hukaa nje ya friji siku 28 maadamu joto halipiti nyuzi 30. Soma karatasi ya ndani, aina hutofautiana. Andika tarehe ya leo kwenye chupa. Shida iko kwa zile za akiba. Chukua chupa ya chai isiyopitisha joto, yenye mdomo mpana, au boksi la barafu. Weka chupa za maji yaliyoganda, juu yake taulo kavu iliyokunjwa, kisha insulini ndani ya mfuko. Isigusane na barafu. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka, na haionyeshi dalili kila wakati. Ile inayotakiwa kuwa angavu ikiwa na ukungu au chembe, itupwe.

Kuna njia ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati na kitambaa kibichi juu. Inafaa, lakini hufanya kazi kwa maji kukauka, na hewa ya masika imejaa unyevu, kwa hiyo itakupa ubaridi kidogo tu. Iwe ya akiba. Sindano, vipimo na dawa za presha za wiki mbili zichukuliwe leo, maana boti zikisimama dawa kutoka Unguja nazo zinasimama. Na mama asichome kipimo cha kawaida siku asiyokula vizuri bila kumuuliza daktari. Tende na sukari ziwe karibu na kitanda chake.

Samaki: friza lililojaa hukaa na barafu kwa muda wa saa 48 bila umeme, na lililojaa nusu yake hukaa kwa saa 24, kama halifunguliwi. Leo jaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji, robo tatu tu ili zisipasuke. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe. Siku ya kufungua, sarafu ikiwa imezama chini, samaki waliyeyuka wakaganda tena, wasiliwe. Mkiona hakuna dalili ya umeme siku ya pili, watolewe wote: kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za samaki waliopasuliwa, au wakaangwe wakauke. Ng'onda wa juani msiutegemee, jua halitakuwepo.

Jambo la mwisho, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi ya upepo. Jiko la uani likiondoka, mtashawishika kuingiza jiko la mkaa ndani, na madirisha mmeshayapigilia mbao. Mkaa unaowaka bila moshi unatoa ile ile hewa ya sumu ya jenereta. Kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi, na hapo miguu haibebi tena. Pikeni kesho vyakula visivyochacha haraka: mikate ya kumimina, viazi vitamu, samaki wa kukaanga. Usiku wa upepo msiwashe moto ndani.

NahodhaTumbe

Mafundi wamesema vizuri. Mimi nizungumzie upepo utatoka wapi, maana dada anaishi Mkoani na Mkoani inatazama magharibi.

Kwetu huku kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikiwa mashariki yetu baharini, upepo wa kwanza ni kusi, na watu wanasema ni kusi ya kawaida. Kikipita kusini yetu, kama vinavyopita vingi, upepo unahama: kusi, halafu kusini magharibi, halafu umande, yaani upepo wa magharibi wa kutoka bara, mwisho kaskazi. Ukitaka kujua kiko wapi, simama uutazame upepo, kitovu kiko mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo. Ukiona kila saa upepo unahamia upande wa magharibi, ujue kinapita kusini.

Maana yake ni nini kwa Mkoani? Siku zote ghuba hiyo ni kimbilio la vyombo wakati wa kusi. Upepo ukigeuka umande, inakuwa pahala pabaya: mawimbi yanaingia moja kwa moja na chombo kina nchi kavu nyuma yake. Mwenye ngalawa aipandishe leo juu ya alama ya bamvua, ang'oe mlingoti na foromali (mti unaobeba tanga), atoe tanga, aijaze maji nusu na kuifunga kwenye miti miwili. Mwenye mashua asiyeweza kuipandisha aipeleke kwenye hori lenye mikoko, aifunge mbele na nyuma kwa kamba nne. Anayebaki na nanga, amari (kamba ya nanga) iwe mara saba ya kina, na kina kihesabiwe maji yakiwa yamejaa. Kwetu bamvua hupandisha karibu mita 4. Ukipima maji yakiwa makavu, mara saba yako inakuwa mara mbili.

Tazama na mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kimbunga huinua bahari: mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari moja, bahari hupanda kama sentimita moja, na upepo wa kusukuma maji huongeza zaidi. Kikifika wakati wa maji mafu (bahari isipojaa sana) ni jambo moja, kikifika saa kumi ya bamvua ni jingine kabisa. Walio chini pwani wazungumze na sheha wao leo kuhusu skuli ya kuhamia, si usiku huo.

BintiMkoani

Mzee wangu, kwa hivyo minazi yetu ya magharibi inaangukia nyumba? Tulipanga wote tulale chumba cha upande huo, ndicho kikubwa.

NahodhaTumbe

Naam mwanangu, upepo ukigeuka umande inaangukia nyumba. Lala chumba cha mashariki, chenye ukuta wa ndani baina yenu na ile minazi, mama akae pembe ya mbali na dirisha, vitanda visogezwe. Hati, vitambulisho na vyeti vitiwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya dumu lenye kifuniko, viatu viwe miguuni mwa kila kitanda.

Na upepo ukikatika ghafla, nyota zikaonekana, asitoke mtu kuangalia paa. Huenda kitovu kimepita juu yenu. Mlipigwa na kusi, kinachofuata ni kaskazi, kinakuja kwa ghafla na kwa upande ambao hamkuukaza. Subirini mpaka redio iseme, au mpaka upepo mpya uvume na uishe wenyewe. Hapo ndipo mtoke, kwa mchana, mkiangalia chini kwanza penye waya, halafu juu.